Kupanua matundu ya bloku ili kuweka stadi kubwa za hedi: pima kwanza, chimba baadaye

Mwanzisha uzi (Shimanzi)

Salaam aleikum, ndugu zangu mafundi na wenye magari.

Mimi ni mkerezaji wa vyuma hapa Shimanzi, Mombasa, na kazi za bloku (mwili wa injini wenye silinda) na hedi (kifuniko chake cha juu) nimezifanya kwa muda wa kutosha kujua kwamba makosa mengi ya karakana hurekebishika, ila tundu lililochimbwa vibaya kwenye bloku ni vigumu mno kulirudisha. Naandika kwa sababu katika wiki moja nililetewa bloku mbili, na wenyewe wote wawili walitaka jambo lilelile: matundu ya bolti za hedi yachimbwe upya yapokee stadi za milimita 14, yaani vyuma vyenye uzi ncha zote mbili vinavyokazwa kwa nati badala ya bolti. Moja niliifanya, ingawa si kwa kipimo alichokitaka mwenyewe. Nyingine niliikataa, na mteja akaondoka bila ya kuridhika. Ningependa yeye, na kila anayefikiria kazi hii, aelewe sababu zangu.

Bloku ya kwanza ni ya injini ya 4G63 iliyotoka kwenye Mitsubishi Lancer Evolution. Injini hii ina ujazo wa sentimita za ujazo 1997 (cc), kipenyo cha silinda ni milimita 85 na mwendo wa pistoni ni milimita 88. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini, na hedi hiyo hushikwa na bolti 10. Matoleo ya zamani, yale ambayo flaiwili yake (gurudumu zito la mwisho wa injini) hufungwa kwa bolti 6, yana bolti za hedi za milimita 12, ilhali matoleo yaliyofuata, yenye bolti 7 za flaiwili, yana za milimita 11. Hii niliyoletewa ni ya milimita 11. Mwenye gari alikuwa amebadilisha tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) na kupandisha shinikizo la hewa juu sana ya lile la kiwandani, na gasketi (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku) iliyotolewa ilionyesha njia nyeusi ya moshi kati ya silinda ya 2 na ya 3, wakati hedi na uso wa bloku vyote vilikuwa vimenyooka. Ushahidi wa namna hiyo waonyesha kwamba hedi ilikuwa ikiinuliwa na moto wenyewe. Hapo hoja ya stadi kubwa ipo.

Bloku ya pili ni ya dizeli ya matatu inayofanya safari za Mtwapa na mjini, ambayo gasketi yake imeungua mara tatu kwa mwaka mmoja. Njia za maji zilikuwa zimejaa kutu na magamba meupe, na nilipolaza rula ya chuma juu ya hedi, fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.15 ilipita katikati bila kugusa. Dereva alinieleza kwamba rejeta hujazwa maji ya kisima, na sisi watu wa mwambao twajua maji ya visima vyetu yalivyo na chumvi. Injini ile haikuwa imepungukiwa na nguvu ya bolti hata kidogo. Imepungukiwa na maji safi. Kuichimbia matundu makubwa kungekuwa ni kupunguza kwa nje ukuta ambao chumvi imekwisha kuupunguza kwa ndani, kisha hedi iliyopinda ikabanwa kwa nguvu zaidi juu yake.

Sasa tuitazame hesabu, kwa sababu wengi hudhani milimita mbili au tatu ni jambo dogo. Nguvu ya stadi haipimwi kwa kipenyo cha nje bali kwa eneo la chuma linalobaki ndani ya uzi (meno ya skrubu). Uzi wa M11, yaani wa kipenyo cha milimita 11, wenye pichi (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 1.25 una eneo la takriban milimita za mraba 76. M12 ya pichi hiyohiyo ina 92, na M14 ya pichi ya 1.5 ina karibu 125. Kwa hiyo kutoka 11 hadi 14 unaongeza zaidi ya asilimia 60 kwa chuma cha ubora uleule. Upande wa pili wa mizani, silinda ya milimita 85 ina uso wa milimita za mraba 5,675; moto ukifika shinikizo la bari 100, hedi husukumwa juu ya silinda hiyo moja kwa kilonewtoni 57 hivi, na ukifika bari 150 husukumwa kwa 85. Stadi zinatakiwa ziibane hedi kwa nguvu inayozidi hiyo kwa mbali, kwa sababu baada ya kuizuia hedi isiinuke, ni lazima ibaki nguvu ya kuikandamiza gasketi.

Hata hivyo eneo la stadi si jambo la kwanza la kuuliza. La kwanza ni ukuta. Nilipima unene wa chuma kati ya kila tundu na njia ya maji kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, na kwenye tundu moja niliona kwamba stadi ya 14 ingeacha chini ya milimita 3. Nilimweleza mteja kwamba sitachimba 14 kwenye bloku hiyo, tukakubaliana stadi za nusu inchi (milimita 12.7).

La pili ni uzi wa zamani, na hili nalieleza kwa kirefu kwa kuwa sijaliona likizungumzwa na mafundi wetu. Uzi wa M11 umekwisha kuchonga mfereji unaozunguka tundu hadi kipenyo cha milimita 11. Tundu la kuandaa uzi mpya likiwa dogo kuliko hapo, mabaki ya mfereji huo yatabaki kwenye ukuta, na meno ya uzi mpya yatakuwa na mapengo. M12 ya pichi ya 1.75, ambayo tapu yake (chombo cha kuchonga uzi ndani ya tundu) hupatikana kirahisi madukani, huandaliwa kwa tundu la 10.25, kwa hiyo mfereji wa zamani utakuwa umekula karibu asilimia 40 ya kimo cha meno mapya kila unapokatiza. M12 ya pichi ya 1.25 huandaliwa kwa 10.75, na hasara hushuka hadi chini ya asilimia 20. Nusu inchi yenye meno 13 kwa inchi huandaliwa kwa 10.7, lakini kwa kuwa meno yake ni marefu, hasara ni kama asilimia 14 tu. M14 ya pichi ya 1.5 huandaliwa kwa 12.5 na kuumeza uzi wote wa zamani. Kwa hiyo aliyepanua kutoka 11 kwenda 12 kwa tapu ya pichi kubwa amejipatia stadi nene iliyoshikwa na uzi wenye mapengo, na huenda asijue mpaka siku anapokaza na kuisikia stadi ikilegea mkononi.

Kazi yenyewe niliifanya kwenye mashine ya milingi. Bloku ilifungwa uso ukiwa juu, nikaupima uso wote kwa saa ya kupimia hadi tofauti kutoka kona moja hadi nyingine ikawa ndani ya milimita 0.02, kwa sababu tundu lapaswa kusimama wima kwa uso wa bloku na si kwa meza ya mashine. Kila tundu nilitafuta kitovu chake upya kwa saa hiyohiyo, nikitumia sehemu laini iliyo juu ya uzi. Kupanua sikutumia biti ya kawaida ya ncha mbili, kwani biti hiyo ikiingia kwenye tundu lililopo hufuata uzi wa zamani na huvutwa pembeni. Nilitumia biti ya kupanulia yenye makali manne, kwa mizunguko kama 550 kwa dakika, kwa kina kilichofungwa kwa kizuizi ili nisije nikatoboa sakafu ya tundu.

Milimita 8 za juu niliziacha bila uzi. Uzi ukianzia juu kabisa, stadi inapovutwa huunyanyua uso wa bloku kuizunguka, na gasketi huona kilima kidogo pale ambapo yahitaji uwanda. Uzi chini yake ulipewa urefu wa zaidi ya mara moja na nusu ya kipenyo cha stadi, ambao kwa chuma cha kusubu unatosha. Tapu zilikuwa tatu, ya kuanzia, ya kati na ya kumalizia, na ile ya kwanza niliizungusha kwa mkono ikiwa bado imeshikwa na mashine, kabla ya kuhamia tundu linalofuata, ili uzi usipate nafasi ya kuinama.

Baada ya kuosha nilipaka mafuta papo hapo. Chuma cha kusubu kilichosafishwa kikaachwa kikavu usiku mmoja kwa unyevu wa bahari wa hapa kwetu, asubuhi utakikuta kimegeuka rangi ya chungwa.

Mchangiaji wa Magongo

Fundi, shukran kwa maelezo. Swali langu ni kuhusu sisi ambao hatuna milingi. Nimewahi kuona bloku ikichimbwa ikiwa bado ndani ya gari kwa drili ya mkono, na kazi ikaonekana nzuri. Je, ni lazima bloku itolewe?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, tuchukue mfano wa drili iliyoinama kwa nyuzi 1 tu, pembe ambayo jicho la mwanadamu haliioni. Kwa hedi yenye kimo cha milimita 100, stadi itakapofika juu itakuwa imekwenda kando kwa milimita 1.75. Hedi haitashuka, na ikishuka kwa kulazimishwa, nati italala upande mmoja na stadi itapinda kila inapokazwa. Nimeletewa bloku ya namna hiyo, matundu 6 kati ya 10 yameinama kila moja upande wake, na sikuwa na la kumsaidia mwenyewe isipokuwa kuyaziba kwa vizibo vya chuma vyenye uzi na kuanza upya, kazi iliyokaribia bei ya bloku nyingine.

Ipo njia ya kati ambayo naiheshimu. Lichukuliwe bamba la chuma lenye unene wa milimita 40 au zaidi, litobolewe kwenye mashine kwa mpangilio wa matundu ya hedi, liwekewe bushi (vibomba vifupi) za chuma kigumu zinazoiongoza biti na baadaye tapu, kisha lifungwe juu ya uso wa bloku kwa matundu ambayo bado hayajaguswa. Kwa bamba hilo hata drili ya kubebeka itakwenda wima. Lakini bloku itolewe na ivuliwe kila kitu, kwa sababu unga wa chuma cha kusubu ni kama msasa, na ukiingia kwenye njia za oili utazimaliza beringi zote.

Mchangiaji wa Nyali

Mimi nina Subaru yenye EJ25 ya tabo. Nimeambiwa bolti za milimita 11 hazitoshi kwa nguvu ninayoitaka na kwamba niende 14. Bloku yangu ni ya alumini. Je, maelezo yako yanabadilika?

Mwanzisha uzi

Yanabadilika kwa sehemu. Injini hiyo ina hedi mbili, kila moja ikishikwa na bolti 6, kwa hiyo silinda mbili za kila upande hugawana bolti 6, ilhali silinda nne za 4G63 hugawana 10. Kwenye alumini, kiungo dhaifu mara nyingi ni uzi wa bloku kuliko stadi yenyewe, na kwenda 14 kuna faida mbili: tundu la 12.5 humeza uzi wote wa 11, na uzi mpana zaidi hugawa mzigo juu ya chuma kingi zaidi. Urefu wa uzi nauomba uwe mara mbili ya kipenyo, yaani milimita 28 kwa stadi ya 14, ikiwa kina charuhusu. Tapu ipewe mafuta ya taa, kwani alumini kavu hung'ang'ania meno ya tapu na kuchana uzi. Bloku ya injini hii ni ya nusu mbili, nazo zifungwe pamoja kwa toki (nguvu ya kukaza) kamili kabla ya kuchimba. Unene wa ukuta upimwe vilevile, na ukuta ukikataa, ujumbe huo uupokee.

Mchangiaji wa Changamwe

Nimefanya kazi ya injini za malori na mashua kwa miaka mingi, na nina neno moja la kuongeza ambalo wapenda stadi nene hawalipendi. Stadi ni kama springi. Nyembamba huvutika zaidi kwa nguvu ileile, na mvutiko huo ndio unaoiweka hedi ikiwa imebanwa hata gasketi inapotulia kidogo. Stadi nene haivutiki sana, hivyo gasketi ikitulia kwa sehemu chache za mia za milimita, nguvu hupotea kwa haraka zaidi. Tena hedi ya alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya stadi ya chuma. Kwa kimo cha milimita 100 na ongezeko la nyuzijoto 80, tofauti yao hufika karibu milimita 0.09, na stadi nene isiyotaka kuvutika huisukuma nguvu hiyo yote kwenye alumini iliyo chini ya washa (pete ya chuma inayokaa chini ya nati). Nimeona hedi zilizozama chini ya nati kwa sababu hiyo.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, umesema kweli na nakushukuru. Hii ndiyo sababu ya pili iliyonifanya nisisikitike ukuta uliponizuia kufika 14. Kwa yeyote anayesoma hapa: kabla ya kuchimba chochote, fikiria kwanza stadi za kipenyo kilekile cha kiwandani lakini za chuma bora. Bolti ya daraja la 10.9 hustahimili newtoni 830 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kuanza kuharibika umbo, na ya 12.9 hustahimili 970, kwa hiyo unapata nyongeza ya karibu asilimia 17 bila ya kuondoa unga wa chuma hata chembe. Vipo vyuma vya mashindano vinavyozidi hapo kwa mbali. Ila kimoja, kinachoitwa L19, chataka tahadhari kubwa mjini kwetu, kwani ni chuma kigumu mno ambacho unyevu na chumvi hukipasua kutoka ndani. Kikiguswa kwa mkono wenye jasho kisha kikaachwa bila mafuta, kinaweza kukatika baadaye bila dalili yoyote.

Washa nazo ziwe nene na za chuma kilichotiwa ugumu. Hilo si la hiari.

Mchangiaji wa Nyali

Baada ya bloku kukamilika, hedi na gasketi nazo hufanywaje? Na toki ni ngapi?

Mwanzisha uzi

Hedi nayo hupanuliwa matundu, na hapa wengi hukwama kwa vitu viwili vidogo. Kwanza ni vile vibomba vifupi vya kuelekeza hedi, ambavyo kwenye injini nyingi huzunguka bolti mbili za kona. Stadi mpya huenda isipite ndani yake, na lazima vitafutwe vipana au pini zihamishwe mahali pengine. Pili, kwenye baadhi ya injini oili hupanda kwenda kwenye kamshafti kupitia nafasi iliyo kati ya bolti na tundu la hedi, na stadi nene huiziba njia hiyo. Gasketi ya chuma ya tabaka nyingi nayo itobolewe upya kwa kifaa cha kukatia kikali, isichimbwe kwa biti inayoinua kingo.

Silinda zipigwe honi (zisuguliwe ndani kwa mawe ya kulainishia) mwisho, zikiwa zimefungiwa bamba nene la chuma kwa stadi zilezile, gasketi ileile na toki ileile. Stadi kubwa huvuta chuma kinachoizunguka, na silinda iliyokuwa mviringo kamili ikiwa wazi huwa si mviringo hedi inapofungwa. Ukihoni bila bamba, ringi zitapitisha moshi tangu siku ya kwanza.

Ama toki, sitakutajia namba moja, kwa sababu stadi huja na namba zake na mafuta yake. Karibu asilimia 90 ya nguvu ya spana huishia kwenye msuguano wa nati na uzi. Stadi ya nusu inchi iliyokazwa kwa newtonimita 120 ikiwa kavu inaweza kubana kwa kilonewtoni 47, na kwa toki ileile ikiwa na mafuta ya kukazia ikabana kwa 73. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile unayoipata kwa kuchimba kutoka 11 hadi nusu inchi. Stadi iingizwe kwenye bloku kwa mkono tu, bila kukazwa, na tundu liwe kavu kabisa: oili iliyobaki chini ya tundu lisilo na njia ya kutokea husukumwa na stadi hadi bloku ikapasuka. Tundu linalofikia njia ya maji lipewe gundi ya kuzuia maji kwenye uzi. Nati zikazwe kwa awamu tatu, kuanzia katikati kwenda nje.

Mchangiaji wa Mtwapa

Fundi, mimi ndiye mwenye ile matatu. Nimesoma yote na naomba radhi kwa namna nilivyoondoka. Gari limesimama na vijana wanangoja kazi. Nifanye nini?

Mwanzisha uzi

Huna radhi ya kuniomba, kaka. Gari lililosimama huumiza. Hedi yako tutaipima kama yaweza kuskimiwa (kukwanguliwa uso unyooke) bila kushuka chini ya kimo kinachoruhusiwa, na ipakwe rangi ya kuonyesha nyufa kabla hatujatumia pesa juu yake. Uso wa bloku nao unyooshwe ikihitajika. Matundu ya bolti yasafishwe kwa tapu ya kipimo chake cha asili, na lile lenye uzi ulioliwa, kama lipo, liwekewe uzi wa chuma wa kupachika, ambao hurudisha kipimo kilekile cha zamani. Bolti zote ziwe mpya. Kisha njia za maji zioshwe hadi maji yatoke meupe, thamostati ibadilishwe, na kuanzia hapo iingie kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi.

Lete hedi na bolti za zamani Jumatatu asubuhi, na ulete pia kifuniko cha rejeta. Kifuniko kinachoshika shinikizo la bari 1 huyafanya maji yachemke karibu nyuzijoto 120 badala ya 100, na chako nilikiona springi yake imekwisha.

Mchangiaji wa Mtwapa

Inshallah nitafika saa mbili. Na kifuniko ninacho mkononi sasa hivi. Raba yake imekatika nusu.